Mjomba, Nikimaliza Hiki Nisome Kipi?

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyosikika redioni mwishoni mwa juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)

Leo sizungumzii bei ya sukari wala foleni za barabarani. Leo nazungumzia karanga, na mahali ambapo karanga zilinifikisha.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa kituo cha daladala Buguruni, pamoja na mpwa wangu, binti wa kidato cha pili. Tulikuwa tunatoka kumjulia hali bibi yake. Jua lilikuwa kali na kila daladala iliyofika ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Nikanunua karanga za kukaanga, zimefungwa katika karatasi kama kawaida yake. Tukala. Zilipokwisha nikataka kuitupa ile karatasi, mwenzangu akanishika mkono. "Mjomba, ngoja kwanza nisome."

Ilikuwa karatasi iliyochanwa katika kitabu cha hadithi, upande mmoja ukurasa wa 73, upande wa pili ukurasa wa 74. Haikuwa na jina la kitabu wala la mwandishi. Katika kurasa hizo, bwana mmoja anarudi nyumbani kwake usiku. Anafungua kwa ufunguo mlango alioufunga mwenyewe asubuhi. Ndani anakuta taa inawaka, na juu ya meza kuna kikombe cha chai ambacho bado kinafuka mvuke. Bwana huyo anaishi peke yake. Anaita, haitikiwi. Anaona pazia la chumbani linatikisika na hali madirisha yamefungwa. Anasogea, ananyoosha mkono alishike lile pazia, na hapo ukurasa wa 74 unakwisha.

Mpwa wangu aliisoma mara mbili, akaigeuza, akaisoma tena. Kisha akaniambia tununue karanga nyingine. Nikanunua. Zilikuwa zimefungwa katika ukurasa wa kitabu cha kilimo cha mahindi. Tukanunua za tatu: hesabu za darasa la sita. Muuza karanga, kijana mstaarabu sana, akatuambia tusijisumbue, kitabu kile kilikwisha tangu asubuhi. Alikinunua kwa kilo pamoja na makaratasi mengine. Halafu akacheka, akasema: "Bosi, si umnunulie mtoto kitabu kizima?"

Ndugu msikilizaji, niliona aibu. Mimi ni mtu wa maneno. Nimesomea uandishi wa habari, nimepata diploma yangu, na mshahara wangu unatokana na maneno. Lakini mtoto wa dada yangu anasoma hadithi kwenye karatasi ya karanga.

Ndani ya daladala, akiwa amebanwa baina ya kapu la mtu na bega la kondakta, binti akaniuliza: "Mjomba, wanaoandika hadithi za namna hii ni akina nani? Nataka kuwajua wote." Nikamwambia nitamjibu. Mazungumzo ya leo ndiyo jibu lake, na wewe mzazi, mlezi au kijana unayependa hadithi zinazokunyima usingizi, lisikilize pamoja naye.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Walimu wa fasihi huiita taharuki: ile hamu inayomshika msomaji ya kutaka kujua kitakachotokea. Wengi wetu tunadhani taharuki ni damu, bastola na maiti. Sivyo. Kikombe cha chai kinachofuka mvuke katika nyumba isiyo na mtu hakina damu hata tone, lakini kilimfanya mpwa wangu anitoe pesa ya karanga mara tatu. Taharuki ni swali lililoulizwa vizuri, na jibu lililocheleweshwa bila kumdanganya msomaji. Kwa hiyo nitakutajia waandishi kwa namna ya swali ambalo kila mmoja analiuliza. Ukijua ni swali lipi linalokukosesha usingizi, utajua uanze na nani.

Wa kwanza ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Alikuwa mwandishi wa habari, mhariri wa magazeti, kwa hiyo ni mwenzetu. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, ikachapwa kitabu mwaka 1960. Baada yake vikaja Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na vingine hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Katika vitabu hivyo kuna Bwana Msa, mtu mwenye kiko mdomoni, mtaratibu, asiye na haraka. Pembeni yake yupo rafiki yake Najum, ambaye huona yote anayoyaona Bwana Msa lakini haelewi nusu yake, kama mimi na wewe. Ukiziangalia herufi za mwanzo za jina la mwandishi utaona jina la Msa limetoka wapi. Swali la mwandishi huyu ni moja: nani? Nani kafanya, na ni nani hasa huyu tunayedhani tunamjua? Kwa maana katika hadithi zake, mara nyingi siri haiko kwenye kisu wala kamba. Iko kwenye ukoo: nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani, nani alificha nini kwa sababu ya mirathi au fedheha. Watu wanaogopa mzimu, Bwana Msa anamtafuta binadamu. Kijana wa miaka kumi na tatu anaweza kumsoma bila mzazi kuwa na wasiwasi, na Kiswahili chake ni cha kisimani hasa, maji yake baridi.

Ila nikuonye, ndugu kijana. Kurasa za kwanza utaziona zinakwenda polepole. Watu wanakaa, wanakunywa kahawa, wanazungumza. Vumilia. Katika mazungumzo hayo ndimo alimoficha ufunguo, na mwishoni utarudi nyuma ukijilaumu kwamba ulikuwa mbele ya macho yako.

Wa pili ni Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, kitabu kilichotoka mwaka 1965. Vijana wa leo ambao simu inalala nao kitandani hawana budi kukumbuka kwamba wakati ule simu ilikuwa kitu cha ofisini na cha nyumba chache. Simu ikilia, nyumba nzima ilishtuka. Katalambulla alikitumia kishindo hicho. Swali lake ni: je, hatari inaweza kuja kwa njia ya kitu cha kawaida kabisa, kitu ulichokizoea? Hadithi za Bwana Msa zinapita katika mashamba na majumba ya Unguja, lakini yeye alitupeleka mjini, kwa polisi na magari na taa za usiku. Kwa wengi wetu, hapo ndipo tulipoona mara ya kwanza kwamba mji wa kwetu unatosha kuwa mahali pa hadithi ya kutisha.

Wa tatu ni Elvis Musiba. Huyu hakuwa mwandishi kwa kazi. Alikuwa mfanyabiashara, aliyepata kuiongoza chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima ya Tanzania, na alifariki mwaka 2010. Mpelelezi wake ni Willy Gamba. Kitabu cha kwanza, Kufa na Kupona, kilitoka mwaka 1974, kikafuatiwa na Kikosi cha Kisasi, Njama, Hofu na vingine.

Ili kijana wa leo amwelewe Willy Gamba, inampasa ajue historia kidogo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa mwaka 1963 uliunda Kamati ya Ukombozi, na makao yake yakawa hapa Dar es Salaam hadi ilipofungwa mwaka 1994. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walipita katika mitaa hii, na maadui zao waliwafuata huku huku. Mwaka 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu lililofichwa katika kitabu alicholetewa kwa posta. Ilikuwa hapa hapa Dar es Salaam, ndugu msikilizaji. Kwa hiyo Musiba alipoandika habari za majasusi na nyaraka za siri za ukombozi, hakuwa anaota. Swali lake ni la saa: je, atafika kabla ya wakati kwisha? Ukianza ukurasa wa kwanza saa mbili usiku, usipange kuamka mapema.

Wa nne ni Ben Mtobwa, mtu wa Kigoma, aliyefariki mwaka 2008. Naye alikuwa mwandishi wa habari. Mpelelezi wake ni Joram Kiango, akisaidiana na binti anayeitwa Nuru. Majina ya vitabu vyake peke yake yanatosha kumfanya mtu aache kula: Lazima Ufe Joram, Salamu Kutoka Kuzimu, Tutarudi na Roho Zetu? Pamoja na hivyo aliandika Pesa Zako Zinanuka na Dar es Salaam Usiku. Na hakutosheka kuandika tu. Alianzisha kampuni ya uchapishaji, Heko Publishers, ili vitabu vyake na vya wenzake vifike sokoni. Swali la Mtobwa ni hili: huyu mheshimiwa anayesifiwa na kila mtu, utajiri wake umetoka wapi? Ni swali ambalo halijachakaa.

Sasa hapa nisimame kidogo, kwa sababu nawasikia wazazi wanaguna. Mnasema: bwana mtangazaji, vitabu hivyo vya Willy Gamba na Joram Kiango vina pombe, vina mahoteli, vina wanawake. Ni kweli, navyo siwezi kuvitetea kwa kila ukurasa. Siwapendekezei watoto wa shule ya msingi. Kwa kijana wa miaka kumi na sita na kuendelea nasema asome, na wewe mzazi usome, kisha mzungumze. Kuna mambo humo ambayo kijana akiambiwa na mtu mzima mwenye busara kwamba haya si sawa, atajifunza zaidi kuliko angenyang'anywa kitabu.

Nakumbuka kisa changu mwenyewe. Katika miaka ya 1990 nilikuwa shule ya bweni. Vitabu hivi vilikuwa vinazunguka bwenini kwa foleni. Ukipata kitabu ulipewa usiku mmoja, na asubuhi kinakwenda kwa mwingine. Usiku wa zamu yangu nilikuwa nasoma kwa kibatari, nimejifunika shuka, mwalimu wa zamu akanikamata. Kitabu akakichukua, nami nikapewa adhabu ya kufyeka nyasi. Adhabu haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimebakiza kurasa kama thelathini.

Siku ya tatu nikaitwa ofisini kwake kupeleka madaftari. Mwalimu hayupo. Kitabu changu kipo juu ya meza, kimewekwa alama ya kalamu. Nikachungulia. Mimi nilikuwa nimefika kama robo tatu ya kitabu. Kalamu ya mwalimu ilikuwa imefika kurasa kumi mbele yangu. Nikatoka polepole. Tangu siku ile sikumwogopa tena mwalimu yule, nilimpenda. Mwisho wa muhula alinirudishia kitabu bila kusema neno, nami sikusema neno.

Kwa hiyo nawaambia wazazi: kijana aliyejifunika shuka anasoma ni kijana ambaye amekwisha pata ugonjwa mzuri wa kusoma. Usimponye. Leo anamsaka muuaji, kesho atasaka gazeti, na keshokutwa atausoma mkataba wa kazi hadi maneno madogo ya mwisho kabla ya kutia sahihi. Mtu aliyezoea kujiuliza "huyu anasema kweli?" akiwa kitabuni, si rahisi kutapeliwa akiwa mtaani.

Narudi kwa mpwa wangu. Nilipomsomea orodha hii ya watu wanne, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mjomba, wote ni wanaume. Na wapelelezi wao wote ni wanaume. Hakuna mwanamke aliyeandika za namna hii?" Nikasema yupo Nuru. Akasema, "Nuru ni msaidizi." Nikanyamaza mimi.

Katika rafu yangu sikuwa na mwanamke wa Kiswahili wa kumpa katika fani hii. Ikabidi nivuke bahari. Na kwa kuwa vijana wetu wa sekondari wanasomeshwa kwa Kiingereza, na vitabu vya Kiingereza vya mtumba huuzwa kwa bei ya soda pale wanapotandika maturubai kando ya barabara, haidhuru tukawataja na wageni wachache.

Wengi wanamjua Agatha Christie wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1976, na vijana duniani kote humsoma ingawa aliwaandikia watu wazima. Mimi nilimpa mpwa wangu mwingine: Lois Duncan wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2016. Huyu aliwaandikia vijana hasa, na watu wake ni wasichana na wavulana wa shule. Kitabu chake kinachojulikana sana ni I Know What You Did Last Summer, cha mwaka 1973. Vijana wanne wamo garini usiku, wanamgonga mtoto aliyekuwa juu ya baiskeli, wanakimbia, wanakubaliana kunyamaza. Mwaka mmoja baadaye inakuja barua: mtu anajua walichokifanya. Kingine ni Killing Mr. Griffin, cha mwaka 1978, ambamo wanafunzi wanamteka mwalimu wao mkali wakitaka kumtisha tu, na mwalimu anafia mikononi mwao. Swali la Duncan ni zito kuliko la nani kaua: ukifanya kosa na wenzako, nani atakuwa wa kwanza kusema kweli?

Na nisikufiche yaliyompata mama huyu. Mwaka 1989 binti yake mdogo, msichana wa miaka kumi na minane, alipigwa risasi akiwa anaendesha gari katika mji wa Albuquerque. Mama aliyeandika habari za vijana na vifo akajikuta anaishi ndani ya hadithi yake, na hadithi hiyo haikuwa na ukurasa wa mwisho wa kumfariji. Aliandika kitabu cha kweli juu ya msiba huo mwaka 1992, akiuliza nani alimuua binti yake. Mwaka 1997 wenye sinema walipokichukua kile kitabu chake cha 1973 wakakigeuza kuwa sinema ya damu na kulabu, alisema wazi kwamba hakupendezwa. Hilo lilinifundisha tofauti ninayotaka vijana waijue. Yapo maandishi yanayotumia kifo kama mchezo, na yapo yanayokifanya kifo kiwe na uzito wake. Mwandishi mzuri wa taharuki ni yule ambaye, mtu akifa katika kitabu chake, kuna anayemlilia.

Wa mwisho kwa wageni ni Robert Cormier, naye Mmarekani, naye mwandishi wa habari kwa miaka mingi katika jimbo la Massachusetts, aliyefariki mwaka 2000. Kitabu chake I Am the Cheese, cha mwaka 1977, kinamfuata mvulana anayeendesha baiskeli safari ndefu kumpelekea baba yake zawadi. Kati ya safari na safari tunasoma maswali anayoulizwa na mtu ambaye hatujui ni daktari au ni adui. Swali la Cormier ni: unayemwambia siri zako ni nani? Ni kitabu kigumu na mwisho wake ni mchungu. Mpe kijana ambaye amekwisha zoea.

Kuna jambo moja la Cormier linalonifurahisha kama mtu wa redio. Ndani ya kitabu kile aliandika namba ya simu ya rafiki wa yule mvulana, na namba ile ilikuwa ya nyumbani kwake mwenyewe. Vijana wakaipiga, naye akapokea. Kwa miaka na miaka vijana wasiomjua walimpigia kuuliza mambo ya kitabu, naye akazungumza nao. Sikwambii kila mwandishi afanye hivyo, lakini namtamani mwandishi ambaye hamuogopi msomaji wake.

Na kama unataka Kiingereza kilicho jirani na sisi, tafuta vile vitabu vidogo vya mfululizo wa Pacesetters, vilivyoanza kuchapwa na Macmillan mwaka 1977 kwa ajili ya vijana wa Afrika. Humo yumo David Maillu wa Kenya na The Equatorial Assignment, cha mwaka 1980, chenye jasusi wake Benni Kamba, namba 009. Wazazi wengi mnaonisikiliza mlijifunzia Kiingereza humo, msikatae.

Sasa, ndugu msikilizaji, nifike penye kidonda. Mpwa wangu alipoandika majina hayo yote katika daftari lake, tulitoka Jumamosi iliyofuata kuvitafuta vya Kiswahili. Duka la kwanza lilikuwa na vitabu vya kiada kutoka sakafuni hadi darini, na vya hadithi rafu moja. Duka la pili mwenye duka alitikisa kichwa kabla sijamaliza kutaja jina. Kwa wauza vitabu wa barabarani tulipata kimoja, hakina jalada, na kurasa za mwisho zimetoka. Hebu fikiria: kitabu cha upelelezi kisicho na kurasa za mwisho! Muuzaji akatupunguzia bei.

Sababu ziko nyingi. Shirika lililochapa baadhi ya vitabu hivi vya mwanzo, East African Literature Bureau, lilikuwa mali ya pamoja ya nchi zetu tatu, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 nalo likavunjika. Upande wa Kenya kazi yake ilirithiwa, lakini mlolongo ule wa kitabu kimoja kusambaa Mombasa, Kampala na Mwanza ulikatika. Waandishi wenyewe wengi wametangulia mbele ya haki. Na mchapishaji wa leo anafanya hesabu: kitabu cha kiada kina mnunuzi wa hakika, cha hadithi hakina. Simlaumu, naye ana watoto wanaokula. Lakini hesabu hiyo inasahau kwamba mtoto asiyeonja utamu wa kusoma hataisoma hata hiyo kiada, ataikariri tu.

Wapo vijana wanaoandika hadithi za mfululizo na kuzisambaza katika simu, kipande kwa kipande, kila kimoja kikiishia na lile neno baya kuliko yote, "itaendelea". Wengine wana kipaji cha kweli. Siwabezi. Magazeti yetu ya miaka ya 1990 yalifanya vivyo hivyo na tuliyanunua kwa foleni. Ninachowaomba ni kwamba wamheshimu msomaji: wakimuuliza swali kipande cha kwanza, wamjibu cha mwisho. Nami nawaombea wapate mhariri. Na kama kati yao yupo binti aliye na mpelelezi wa kike katika daftari lake, nina mpwa mmoja ambaye yuko tayari kuwa mnunuzi wa kwanza.

Kwa hiyo maombi yangu ni matatu. Kwa wenye haki za vitabu hivi, yaani familia za waandishi na wachapishaji: vilivyokwisha sokoni virudisheni, hata kwa chapa chache, hata kwa karatasi isiyong'aa. Kwa walimu na wazazi: tengeni rafu moja ya hadithi, shuleni au sebuleni, na msiulize kitaulizwa kwenye mtihani au hakitaulizwa. Kwa sisi sote wenye masanduku ya vitabu vya zamani chini ya vitanda: kabla ya kuviuza kwa kilo, fungua uone ni nini unachokiuza. Karanga zinaweza kufungwa kwa karatasi yoyote.

Mpwa wangu yuko katikati ya Kisima cha Giningi, nakala yangu ya zamani ambayo panya waliionea huruma. Jana alinipigia simu saa nne usiku, akasema amekwisha mjua mkosaji. Nikamwambia haya, andika jina lake kwenye karatasi, uikunje, ukimaliza kitabu uikunjue. Akaniuliza kama amepatia. Nikakata simu. Nilimsikia anacheka kabla haijakatika.

Ile karatasi ya karanga ninayo. Nimeikunja ndani ya pochi yangu, na mafuta ya karanga yameifanya ing'ae. Msikilizaji mwenye kitabu ambacho katika ukurasa wa 73 kuna kikombe cha chai kinachofuka mvuke katika nyumba isiyo na mtu, nakuomba uniandikie kwa anwani yetu ile ile ya siku zote. Nitajie jina la kitabu na la mwandishi tu. Tafadhali sana, usiniambie nyuma ya pazia kuna nini.

Hadi juma lijalo, nakutakia usomaji mwema.